Mbwa wa nasaba asiye na cheti ni jina tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimjibu msomaji mwenzangu wa hapa Nakuru ambaye, kwa sababu ya wizi wa usiku, aliwashauri wakazi wa mitaa yetu waachane na mbwa wa kienyeji na wanunue mbwa wa kizungu, akidai kwamba mbwa wa kuokotwa ni mzigo wa magonjwa usiokuwa na faida kwa mwenye nyumba. Sina ugomvi na mtu anayependa mbwa wa nasaba. Ninachopinga ni dhana kwamba anayeuziwa mbwa kando ya barabara kuu kwa jina la German Shepherd au Rottweiler amenunua mbwa wa nasaba, kwa maana mara nyingi huwa amenunua jina, na mbwa akatiwa juu kama nyongeza.

Nasaba ya mbwa haisomwi usoni, husomwa katika rekodi. German Shepherd mwenyewe alianza kuhesabiwa kuwa aina ya pekee mwaka 1899, pale Max von Stephanitz wa Ujerumani alipomnunua mbwa mmoja wa kuchungia kondoo, akampa jina la Horand von Grafrath na kumwandika wa kwanza katika daftari la chama chake. Tangu siku hiyo, mbwa anayestahili jina hilo ni yule ambaye baba, mama na mababu zake wanaweza kufuatwa katika maandishi, na kwetu kazi ya kuwasajili hufanywa na East Africa Kennel Club kule Nairobi. Watu wa Nakuru wanapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Hakuna mfugaji wa Njoro au Molo atakayetoa pesa zake kwa ng'ombe wa gredi kabla ya kuuliza fahali alikuwa yupi na mama hukamuliwa lita ngapi kwa siku, lakini mtu huyohuyo akipita barabarani akaona mtoto wa mbwa aliyefungwa utepe mwekundu shingoni, atasimamisha gari, atalipa na kuondoka bila hata kuuliza mama yuko wapi.

Muuzaji mmoja alinitajia Sh15,000 kwa mtoto wa mbwa ambaye masikio yake yote mawili yalikuwa yamelala. Nilipomdadisi, alinijibu kwamba yatasimama akifika miezi mitano. Jibu hilo si uongo mtupu, kwani hata masikio ya German Shepherd halisi huweza kuchelewa hivyo, na hapo ndipo penye ujanja: yakikosa kusimama, muuzaji atakuwa keshahama na simu yake haipatikani. Alishikilia kwamba mbwa huyo ana miezi mitatu, lakini nilipomfunua mdomo niliona mapengo nyuma, ilhali mbwa wa miezi mitatu huwa amekwisha kuota meno yote 28 ya utotoni. Tumbo lake lilikuwa limefura, na mteja mwingine aliyekuwa kando yangu akalisifu kuwa ni dalili ya shibe. Daktari yeyote wa mifugo angemwambia kwamba ni minyoo, ambayo mama huwaambukiza wanawe wakiwa bado tumboni, na ndiyo sababu dawa huanza kutolewa wiki ya pili baada ya kuzaliwa. Mbwa anayeondolewa kwa mama kabla ya wiki nane hukosa pia malezi ya nduguze, ambao humfundisha kwa michezo yao kutouma kwa nguvu.

Hatari kubwa zaidi ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa. Virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi mingi, na sanduku moja lililobeba watoto wa mbwa kutoka nyumba mbalimbali linatosha kuwaambukiza wote kabla ya jua kutua. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba Rottweiler na German Shepherd ni miongoni mwa mbwa ambao ugonjwa huu huwalemea sana. Mnunuzi hufika nyumbani na furaha yake, na baada ya siku chache watoto wanamtazama mbwa akiharisha damu.

Sasa nije kwa huyu anayeitwa koko. Wengi wao walikuwa na kwao. Familia inahama ploti, mwenye nyumba mpya hataki wanyama, na mbwa anabaki kwenye geti akingojea watu ambao hawatarudi. Ukimchukua mbwa mzima wa namna hiyo, unajua unachochukua: kimo chake hakitabadilika, na tabia yake mbele ya watoto, kuku na wageni unaweza kuichunguza kabla ya kukata shauri. Chama cha kulinda wanyama cha KSPCA, chenye makao yake makuu Nairobi, huwapa watu mbwa ambao wamekwisha kuchanjwa na kuhasiwa. Kuhusu ulinzi, kazi ya kwanza ya mbwa ni kuwaamsha watu, na mbwa wa kienyeji haamshwi na mtu kuifanya. Sisi wa Lanet tunaopakana na mbuga tunajua hivyo, maana huwabwekea hata nyani.

Nakubali kwamba mbwa wa nasaba ana faida yake. Anayehitaji mbwa wa kufunzwa kazi maalumu, awe na shamba kubwa au kampuni ya ulinzi yenye mkufunzi, ana haki ya kutaka kujua mapema mbwa wake atakuwa na umbo gani na silika gani, na rekodi ya wazazi humsaidia kukisia hayo. Ila German Shepherd dume hufika kilo 40, na haridhiki na makombo ya ugali. Kumfunga mnyama huyo mnyororo mchana kutwa katika ploti ya familia nane ni kumtesa yeye na kuwahatarisha watoto wa majirani. Katika ploti, ushauri wangu ni kwamba asinunuliwe kabisa.

Msomaji mwenzangu alisema kweli kuhusu magonjwa, ingawa aliishia nusu. Kichaa cha mbwa huweza kujificha kwa wiki au hata miezi, kwa hiyo mbwa aliyeokotwa apelekwe kwa daktari wa mifugo kwanza, achanjwe, kisha atengwe na watoto na mbwa wengine kwa muda ambao daktari atauagiza. Akimuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeumwa akimbizwe hospitalini bila kungoja. Lakini ugonjwa huu hauulizi nasaba. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana nao kufikia mwaka 2030, na kwa hilo angalau asilimia 70 ya mbwa wanapaswa kuchanjwa, wakiwemo wale wa bei ghali wanaofungiwa nyuma ya ua wa Milimani na Kiamunyi.

Iwapo ndugu yangu bado ameazimia kununua, amwombe muuzaji mambo matatu: kumwona mama mahali anapoishi, cheti cha usajili, na kadi ya chanjo yenye muhuri wa daktari. Akinyimwa hata moja, azihifadhi zile Sh15,000. Zitamlipia mbwa wa kienyeji chanjo, dawa ya minyoo na sehemu kubwa ya gharama ya kumhasi.

Mkazi wa Lanet,
Nakuru