Malalamiko: mchanga wa mimea mlioniuzia ni makombe ya kusaga

Habari za kazi hapo dukani,

Mwezi uliopita nilinunua kwenu mifuko 2 ya kilo 10 ya ule mchanga mweupe wa kuweka kwenye tangi la samaki, 45,000 kila mmoja, na kabla sijatoa hela nilimuuliza kijana wenu mara mbili, huu unafaa kwa mimea hai? akaniambia dada huu ndo wenyewe chukua. Nikajaza kwenye tangi langu la lita 120, kina kama sentimita 6, nikaotesha mimea ya majini, kriptokorine, valisneria na anubiasi 3, zote za kwenu.

Wiki ya pili kriptokorine zikaanza kuyeyuka majani, hapo sikuwalaumu maana zikihamishwa huwa zinafanya hivyo, nikavumilia. Ila majani mapya nayo yakatoka ya njano, mishipa tu ndo kijani. Nikapima maji, pH (kile kipimo cha uchachu wa maji, 7 ndo katikati, ikipanda uchachu umepungua) imetoka 7 imefika 8.2! Nikachukua mchanga kijiko kimoja nikamwagia siki, ukatoa povu kama soda. Sasa hayo si makombe na matumbawe ya kusaga jamani? Chokaa ya makombe inayeyuka taratibu, maji yanakuwa magumu, yaani yenye chokaa nyingi, na pH ikipanda mimea inashindwa kufyonza madini ya chuma hata ukiweka mbolea. Valisneria peke yake ndo inadunda, hiyo haina shida na maji magumu, hata Ziwa Tanganyika ipo. Mtu anayefuga samaki wa Tanganyika mngemuuzia huo mchanga angefurahi sana, mimi nafuga neoni tetra, visamaki vidogo wanaopenda maji laini na nimeshazika 4.

Halafu kijana huyohuyo aliniambia anubiasi nizifukie shina lote. Zimeoza zote 3. Lile shina nene linalolala halifukiwi, unalifunga na uzi kwenye gogo au jiwe, mizizi inajishika yenyewe, na hili muuza mimea alitakiwa alijue kabla ya kumshauri mtu.

Naomba mnirudishie 90,000 yangu na hela ya anubiasi, na hiyo mifuko muiandike ni makombe, maana haina lebo yoyote na kesho atakuja mwingine na swali kama langu apewe jibu lilelile. Jumamosi asubuhi nakuja na mchanga uliobaki, risiti na chupa ya siki, tuujaribu hapohapo kaunta mbele ya meneja.