Barua ya wazi kwa Waziri wetu wa Afya wa Kaunti: 1x2 ni ngapi?

Mheshimiwa,

KUH: BAHASHA YA KAKI

Pokea salamu zangu za heshima. Nimefika ofisini kwako mara tatu na mara zote nikaambiwa uko mkutanoni. Natumaini mikutano ilikwenda vyema na chai ilikuwepo.

Jumatano iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, nilimkuta mama yangu, ajuza wa miaka 68, sakafuni kando ya kitanda. Leso imelowa jasho chepechepe, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Nikakoroga chai ya sukari mbiombio. Jirani akanipokonya kikombe: "Unataka kumuua? Si huyu ana ugonjwa wa sukari!" Nami nikamsikiliza. Safari nzima ya kuelekea Kisumu, mama amelegea nyuma ya probox, nilijiona mwana mwerevu kwa kumnyima ile chai.

Hospitalini kipimo cha sukari kwenye damu kikasoma 1.9. Nikaelezwa kuwa ikishuka chini ya 4 tayari ni hatari, na kwamba vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, akiwa bado anaweza kumeza, vingemsaidia nyumbani. Wakamtundikia maji ya glukosi. Akafumbua macho, akauliza kama kuku wamefunguliwa. Usiku sukari ikaanguka tena, kwa sababu dawa anayomeza ya kuishusha hufanya kazi mwilini hadi siku nzima, ndiyo maana hawakuturuhusu kurudi nyumbani.

Sasa bahasha, ile mama aliyotiliwa dawa hiyo kwenye kituo chetu cha afya. Imeandikwa kwa kalamu: glibenklamaidi 5 mg, 1x2. Basi. Dirishani aliambiwa "asubuhi na jioni" na anayefuata akaitwa. Mama akapiga hesabu aliyofundishwa shuleni: moja mara mbili ni mbili. Akawa anameza tembe mbili asubuhi, mbili jioni. Jioni ya Jumanne hakula, mrenda ulibaki sufuriani, lakini dawa alimeza kwa sababu yeye ni mgonjwa mtiifu. Hakuna aliyemwambia kwamba hii haimezwi na kulala njaa. Hakuna aliyemwambia jasho na kutetemeka ni dalili za nini. Na Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani ilishaeleza kuwa glibenklamaidi haiwafai waliopita miaka 60. Sijui kama orodha hiyo hufika huku kwetu au nayo iko mkutanoni.

Simlaumu sista. Siku ile alikuwa peke yake: watoto wa chanjo kwenye benchi, mama wa uchungu chumba cha nyuma, na dirisha la dawa pia lake. Alisomea haya yote: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Atayaeleza saa ngapi? Wenzake nadhani mikataba yao iliisha, au walihamishwa, au pesa zimelala mahali. Wewe ndiye unayejua.

Ulipokuja kufungua jengo jipya ulituahidi wauguzi watatu zaidi na mtu wa dawa. Utepe tuliuona. Mkasi tuliuona. Hata rangi ya ukuta imeshaanza kubambuka, mtu wa dawa bado yuko njiani.

Afya ilikuja kaunti mwaka 2013, kwa hiyo usinielekeze Nairobi. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya habari anazohitaji ili afaidike na huduma, hata huduma za umma. "1x2" si habari, mheshimiwa. Ni fumbo.

Siombi mashine. Siombi jengo lingine, tafadhali sana usitujengee jengo lingine. Naomba mtu mmoja pale dirishani, mwenye dakika tano, amwambie mgonjwa kwa lugha anayoielewa: tembe moja asubuhi na chakula, moja jioni na chakula, usipokula usimeze, ukitokwa na jasho la ghafla lamba sukari. Kisha amuulize, "Hebu mama niambie, utakunywaje?" na amsubiri ajibu. Mtu mmoja tu.

Bahasha ninayo. Jumatatu nitaileta mara ya nne, saa mbili kamili, na nitakaa kwenye benchi la nje hadi mkutano uishe.

Wako mtiifu, kama mama,

Mwana wa mgonjwa