Tuambiwe jina la samaki tunayeuziwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo moja tu kuhusu mikahawa na migahawa ya ufukweni: samaki anayeletwa mezani bila jina.

Mimi ni mtoto wa mvuvi. Sasa naishi katika kitongoji cha ufukweni ambacho wasomaji wako wengi watakitambua hata nisipokitaja, kwa sababu vinafanana: barabara moja inayoandamana na bahari, nyumba upande huu, maji upande ule, na kati yake mikahawa iliyobanana, viti vyote vimeelekea baharini. Siku ya mapumziko jioni hupati meza bila kusubiri. Ninapapenda sana. Ndipo tunapowapeleka wazazi wakija kututembelea na ndipo watoto wetu wanapofanyiwa sherehe zao. Ningekuwa sipajali nisingeandika.

Miezi michache iliyopita tulimpeleka mama kula huko. Wiki ile bahari ilikuwa imechafuka. Upepo ulivuma siku tano mfululizo, na vyombo vyote vya wavuvi vilikuwa vimevutwa juu mchangani na kufungwa kamba. Tulivipita tukielekea mlangoni. Kwenye ubao wa mgahawa paliandikwa kwa chaki: "Samaki wa leo, moja kwa moja kutoka baharini." Mama, ambaye kwa miaka arobaini alimsubiri mumewe arudi na ngarawa, aliusoma ubao ule, akageuka akavitazama vyombo, akausoma tena. Hakusema neno mpaka tulipoketi. Ndipo akamuuliza kijana aliyekuja kutuhudumia, kwa upole, "Mwanangu, samaki wa leo ni samaki gani?"

"Ni samaki mweupe, mama."

"Mweupe sawa. Anaitwaje?"

Kijana akaenda jikoni kuuliza. Aliporudi alikuwa na haya usoni. Mpishi, alisema, amemwambia ni mnofu mzuri sana, hauna miiba.

Kijana yule simlaumu hata kidogo. Hakuambiwa, na asiyeambiwa atajibu nini? Aliyemtuma mezani na neno "mweupe" ndiye ninayemwandikia.

Samaki mzima hujieleza mwenyewe. Ukimwona macho yameng'aa na kutuna, matamvua mekundu, nyama inarudi ukiibonyeza, huna haja ya kumuuliza mtu. Kichwa, magamba na mkia vitakuambia ni nani. Mnofu uliochunwa ngozi umevuliwa na ushahidi wote. Ukishatiwa unga na kukaangwa, au ukafunikwa na mchuzi mzito, hata baba yangu asingeutambua. Kwa hiyo mlaji anabaki na neno la menyu tu, na pale ufukweni lile neno linasaidiwa na mandhari: unaona maji, unasikia mawimbi, unaamini kwamba kilicho kwenye sahani kimetoka hapo mbele yako. Bahari yenyewe imegeuzwa tangazo.

Kwamba majina hubadilishwa si uvumi. Shirika la Oceana, linalotetea uhai wa bahari, lilikusanya sampuli 1,215 za samaki katika maduka na migahawa ya Marekani kati ya mwaka 2010 na 2012, likazipima vinasaba, na mwaka 2013 likatoa matokeo: theluthi moja ya sampuli zilikuwa na jina lisilo lake. Kati ya sampuli 120 zilizouzwa kwa jina la red snapper, zilizokuwa samaki huyo kweli zilikuwa saba. Saba tu. Na wengi waliouziwa jodari mweupe walikuwa wamepewa samaki mwingine kabisa, aitwaye escolar. Huyu ana mafuta ya aina ya nta ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuyasaga, na mtu akimla kwa wingi huharisha vibaya. Japani imepiga marufuku kumuuza tangu mwaka 1977. Mtu aliyeagiza jodari akashinda chooni usiku kucha hatajua kamwe kilichompata. Atasema tu tumbo lilimkataa.

Hapo ndipo suala linapoacha kuwa la bei na kuwa la afya. Wapo watu ambao miili yao haipatani na samaki wa aina fulani lakini wanamla mwingine bila shida, na wapo ambao kamba au kaa wanaweza kuwafunga pumzi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataja vyakula 14 vinavyosababisha mzio ambavyo lazima mlaji ajulishwe, na vitatu kati yake vinatoka majini: samaki, jamii ya kamba na kaa, na jamii ya chaza na ngisi. Kwa mtu kama huyo, jibu la "samaki mweupe" halimsaidii chochote.

Kuna pia jodari na jamaa zake. Wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini ndani ya nyama yao, na mlaji humdhuru. Uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, wakati mwingine kabla hata bili haijaletwa. Moto wa jikoni hauiondoi histamini, na friza haiiondoi pia. Kinachomlinda mlaji ni barafu tangu ndani ya chombo cha mvuvi mpaka jikoni, pasipo mapengo katikati. Mgahawa unaojua samaki wake alivuliwa wapi, lini na nani amemsafirisha unaweza kusimamia jambo hilo. Usiojua jina lake utasimamia nini?

Nataka nieleweke vizuri katika jambo moja, maana najua baadhi ya wenye migahawa watanijibu kwamba ninadai yasiyowezekana. Sisemi samaki wa friza ni mbaya. Aliyegandishwa haraka ndani ya meli saa chache baada ya kuvuliwa anaweza kumshinda kwa ubora yule "freshi" aliyezungushwa juani siku nzima. Kwa samaki wa kuliwa mbichi, kugandisha ndiyo kinga yenyewe: kanuni za Ulaya zinataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa zisizopungua 24, ili minyoo ife. Wala sisemi samaki wa kufugwa ni mbaya. Kwa takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 ulikuwa wa kwanza ambapo wanyama wa majini waliofugwa duniani, tani milioni 94.4, waliwazidi waliovuliwa. Kwa hiyo tunawala, na tutaendelea kuwala. Ninachokataa ni kuuziwa mnofu ulioyeyushwa asubuhi ile, uliovuka bahari tatu ukiwa ndani ya kontena, kwa maneno na bei ya samaki aliyetoka majini alfajiri. Ukiniambia wa friza nitamla na nitakulipa. Na mvuvi wa hapo hapo, anayeamka saa tisa usiku, anaumizwa na uongo huo kuliko mimi. Samaki wake halisi anashindanishwa na jina lake mwenyewe lililobandikwa kwa mwingine, tena aliyenunuliwa kwa bei ya chini. Baba alikuwa akirudi na samaki wazuri akaambiwa na wanunuzi wa migahawa, "Leo tunao." Walikuwa nao kweli, kwenye friza.

Ninachoomba kinaenea kwenye mstari mmoja wa menyu. Jina la samaki kama wavuvi na wauzaji wanavyomwita, si rangi yake. Alikotoka. Kama amevuliwa au amefugwa, na kama aliwahi kugandishwa. Penye samaki wa kuuzwa kwa uzito, aletwe mezani akiwa mzima na mzani uonekane kabla hajaingia jikoni. Ugomvi mwingi wa bili niliowahi kuushuhudia ufukweni ulianzia hapo, mteja akiwa ameona bei ya kilo bila kujua samaki wake ana kilo ngapi.

Wenye migahawa husema samaki hubadilika kila siku na menyu imekwisha kuchapishwa. Mbona ubao upo? Chaki ile ile iliyoandika "samaki wa leo" haichoki kuandika jina. Wengine husema hata wao hawaambiwi na wanaowaletea. Hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu ni kweli kwa wadogo wanaonunua kwa rejareja. Lakini mteja wa mgahawa hawezi kumbana msambazaji asiyemwona. Mwenye mgahawa anaweza, kwa kukataa katoni isiyo na maelezo. Akikataa mmoja atacheka msambazaji. Wakikataa wote wa barabara moja, katoni zitakuja na maelezo wiki inayofuata.

Na si jambo geni. Huko Northern Territory, Australia, tangu mwaka 2008 migahawa inatakiwa kumjulisha mteja kama kitoweo cha baharini kimeagizwa kutoka nje ya nchi. Jimbo la Louisiana, Marekani, linataka hivyo kwa kamba tangu mwaka 2019. Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka 2013 inayomtaka muuza samaki ataje jina la kibiashara na la kisayansi, eneo alikovuliwa au kufugwa, na kama aligandishwa kisha akayeyushwa. Kwa masikitiko, kanuni hiyo yenyewe haimlazimu mwenye mgahawa kuyahamishia maelezo hayo kwenye menyu, hivyo yanafika mlango wa jikoni na kuishia hapo. Mlaji ambaye ndiye anayemeza, yeye peke yake hajui.

Wanaotoa leseni za biashara ya chakula katika vitongoji vya ufukweni wanaweza kuanza bila kusubiri sheria kubwa. Mkaguzi anapoingia jikoni kukagua friji na usafi wa sakafu, aombe pia hati ya samaki aliyemo humo, kisha atoke nje ausome ubao. Ni kazi ya dakika tano. Visipolingana, ubao ufutwe mbele yake.

Kwa wenye migahawa ninayo habari ya kuwatia moyo. Siku ile mama alikataa kuagiza, tukanyanyuka kwa heshima, tukatembea mpaka mwisho wa barabara kwenye mkahawa mdogo wenye meza sita. Kwenye ubao wao palikuwa na maneno haya: "Bahari imechafuka. Leo hakuna samaki. Karibuni." Mama aliusoma mara moja tu, akavuta kiti akakaa. Tulikula mboga na mayai, na tumerudi hapo mara nne tangu siku hiyo. Mara ya mwisho mwenyewe alitoka jikoni na samaki mzima kwenye sinia, akamwonyesha mama matamvua, akamtajia jina lake na la mvuvi aliyemleta.

Wako mtiifu,

Mtoto wa mvuvi