Barua kwa Mwanangu Aliye Geita, Kuhusu Samaki wa Dimbwini

Moshi, Machi

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Baba yako hajambo, mvua za masika zimeanza, na huku kihambani tumekwisha kupalilia. Nimeshukuru kusikia kwamba mimba imetimiza miezi minne na kichefuchefu kimekuachia. Lakini katika barua yako kuna jambo uliloliandika kwa furaha ambalo limeninyima usingizi siku mbili: kwamba majirani, kwa kumhurumia mwalimu wao mjamzito, wanakuletea kambale na kamongo wanaovuliwa katika dimbwi lililo chini ya mialo ya kuchenjulia dhahabu, nawe unawala karibu kila siku.

Nakuomba uache kuwala leo hii, kabla hujamaliza kusoma barua hii, kwa sababu ya zebaki wanayoitumia wachimbaji kukamatia dhahabu.

Nimekuwa mkunga kwa miaka mingi, na zebaki naijua tangu siku zangu za kwanza kazini. Kipimajoto kilinivunjikia sakafuni wodini, na shanga zile za rangi ya fedha zikatawanyika hadi chini ya vitanda. Nikazikusanya kwa kipande cha karatasi, nikaziviringisha kiganjani kama mtoto anayechezea gololi, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametuonya. Zebaki ya namna ile ikimezwa, sehemu kubwa yake hupita tumboni na kutoka. Mvuke wake ndio unaodhuru mapafu na ubongo. Iliyo ndani ya samaki ni nyingine kabisa, na ndiyo ninayoiogopa zaidi.

Umeniambia kwamba umewaona wachimbaji wakisaga mawe kwenye karasha, wakiosha mchanga juu ya magunia, kisha wakichanganya zebaki ndani ya beseni kwa mikono mitupu ili ishikamane na dhahabu. Ile isiyoshika hubaki katika marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, na mvua kama hizi huyasomba marudio hayo hadi bondeni. Huko chini ya dimbwi, katika tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, na hiyo huingia mwilini kwa urahisi: mtu akila samaki mwenye nayo, utumbo hufyonza karibu yote. Vidudu vya majini huichukua kidogo kidogo, samaki wadogo hula vidudu vingi, kambale naye hula samaki wadogo wengi, na kila anayemla mwenzake hubeba zebaki yote aliyoikusanya yule. Ndiyo maana maji ya dimbwi yanaweza kuonekana hayana neno, ilhali samaki mkubwa aliyekulia humo ana kiasi kikubwa mara nyingi kuliko kile kilichomo majini.

Usidhani kwamba mapishi yatakuokoa. Methili-zebaki haina harufu wala ladha, na imeshikamana na minofu yenyewe, si ngozi wala mafuta, hivyo kumchuna samaki, kumkaanga, kumbanika au kumlowesha kwa ndimu hakupunguzi kitu. Aliyekaushwa ni afadhali umwogope zaidi, kwa kuwa maji yamemtoka na zebaki imebaki yote katika kipande kidogo.

Mume wako amesema kwamba wenyeji wamewala samaki hao miaka yote na wazima. Namheshimu mkwe wangu, lakini hapo amekosea. Katika mji wa Minamata, Japani, ambako kiwanda cha kemikali kilimwaga taka zake baharini na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956, walikuwapo akina mama waliokuwa na dalili chache tu, au hawakuwa nazo kabisa, wakajifungua watoto wasioweza kukaa, kutembea wala kusema. Madaktari wa wakati ule waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto dhidi ya sumu. Wajapani wana desturi ya kuhifadhi kipande cha kitovu cha mtoto katika kisanduku, na Daktari Masazumi Harada alipovitafuta vitovu vile vilivyokauka ili vipimwe, zebaki ilikutwa ndani yake. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kitovu chako, nilichokizika kwa mikono yangu chini ya mgomba nyuma ya nyumba. Kondo halizuii methili-zebaki. Mara nyingi damu ya kitovu huwa na nyingi kuliko damu ya mama mwenyewe, na ubongo unaojengwa ndio unaoumia kwanza.

Sisemi kwamba dimbwi lenu limefikia hali ya Minamata, wala kwamba mtoto wako amekwisha kudhurika. Kiasi kidogo hakimlemazi mtoto. Kinachohofiwa ni kumchelewesha kusema, kukumbuka na kujifunza, na wewe mwalimu unajua uzito wa jambo hilo. Nimekupigia hesabu. Kiwango kilichowekwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo ni mikrogramu 1.6 za methili-zebaki kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki, kwa hiyo mwanamke wa kilo 60 asipite mikrogramu 96. Samaki mwenye miligramu 0.5 (yaani mikrogramu 500) kwa kilo atakufikisha hapo kwa gramu 192 tu, ambazo ni kipande kimoja cha mlo wa siku moja. Samaki mwenye sehemu ya kumi ya hiyo, unaweza kumla karibu kilo mbili kwa wiki usifike kiwango hicho. Unaona basi kwamba kuchagua samaki kuna faida kuliko kumkimbia.

Nami sitaki umwache samaki. Mtoto anahitaji mafuta yake na protini yake, na mjamzito anayebaki na ugali na mchicha peke yake amejipunguzia. Nenda kwenye mwalo wa ziwani (neno ni lilelile mwalo, lakini huo ni wa wavuvi) ununue dagaa, ambao wana umri mfupi na hawajapata muda wa kukusanya zebaki, au sato, ambaye chakula chake kikubwa ni mimea ya majini. Sangara mkubwa mwache, kwa kuwa anaishi miaka mingi akila samaki wenzake, na katika Ziwa Viktoria ndiye huonekana na zebaki nyingi kuliko hao wadogo.

Kuhusu majirani, usiwarudishie zawadi kwa dharau, na usiwagawie watoto wa shule ili tu samaki wasitupwe. Waambie ukweli wote, hasa wanawake, kwa maana miongoni mwao wamo wenye mimba kama wewe na wanakula samaki wa dimbwi hilohilo bila mkunga wa kuwaandikia barua. Hawa watu si wabaya. Wanatafuta ada za watoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, nao unataka kuchoma dhahabu iliyoshikamana na zebaki katika makazi kukomeshwe, kwa hiyo ukiona mwenye nyumba wako anaweka kibonge chake chenye zebaki juu ya jiko, toka nje upesi na ukae mbali na moshi wake, kisha umweleze kwa heshima kwamba anapumua sumu pamoja na wanawe. Kliniki nako uwaambie mapema ulichokuwa ukila.

Mwili huitoa methili-zebaki polepole, nusu yake kwa siku 50 hadi 70. Ukiacha sasa, katika miezi mitano iliyobaki itakuwa imepungua hadi chini ya robo ya ile uliyo nayo leo, na jambo hilo ndilo lililonirudishia usingizi.

Ijumaa nitampa kondakta wa basi ndizi mshare za mtori na maharage, ukazipokee stendi. Katika jibu lako niandikie ulianza kuwala lini, ni mara ngapi kwa wiki, na walikuwa wakubwa kiasi gani. Upime kwa mkono wako, kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Mama yako