Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Vijana wanaona tusichokiona

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Likoni, Mombasa, na ninakuandikia kuhusu utafiti wa matumizi ya tumbaku miongoni mwa vijana. Kwenye njia ya kwenda feri kuna kibanda cha viazi karai, na nguzoni kunaning'inia kiberiti cha gesi kilichofungwa uzi. Nimekipita miaka mingi bila kukitilia maanani. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili ndiye aliyenifumbua macho: pakiti ya sigara za kuuzwa mojamoja hukaa wazi mezani, ila hufichwa nyuma ya ndoo ya ukwaju mwalimu akitokeza. "Ukipita wewe inafichwa. Tukipita sisi inabaki palepale."

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 imekataza sigara kuuzwa mojamoja, na imekataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Sasa mtafiti akija na dodoso la maswali kuhusu tumbaku, akaligawa darasani nami nimesimama mbele ya ubao, ni mtoto gani atakayejaza kweli?

Ninaomba vijana wenyewe wawe watafiti. Wachore ramani za mitaa yao: sigara zinauzwa wapi na saa ngapi, shisha iliyopigwa marufuku 2017 imehamia wapi, vijipakiti vya nikotini vya kuweka mdomoni vinaitwaje wanapoongea wao kwa wao. Wakae na babu zao wa ugoro wawaulize walianzaje. Wafunzwe kuuliza, wazazi waridhie, na asitumwe mtoto yeyote kununua. Majina ya wenye vibanda yasiandikwe kabisa. Wengine ni mama zao, na kijana anayehofia mamake kukamatwa hatasema lolote.

Fedha zina njia yake. Kanuni za 2014 za sheria hiyo zinawataka watengenezaji na waagizaji wa tumbaku wachangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kila mwaka, na Mahakama ya Juu ilizikubali kanuni hizo Novemba 2019. Michango hiyo ni ya Mfuko wa Kudhibiti Tumbaku, na utafiti ni mojawapo ya kazi zake. Itengwe sehemu kwa ajili ya nauli, chakula na mafunzo ya vijana hawa, na matokeo yasomwe kwanza barazani, mbele ya wazee wa mtaa, kabla hayajafika Nairobi.

Mwanafunzi wangu sasa yuko kidato cha tatu. Ramani ya njia ya feri ameshaichora, nyuma ya daftari lake la Jiografia. Tafadhali mtume mtu aje kuiona kabla hajamaliza shule.

Wako mwaminifu,
Mwalimu, Likoni