Marinda 14 Meusi

Mwanangu mpendwa,

Marinda yametoka leo na gari la saa moja asubuhi. Yako kwenye gunia la plastiki lenye mistari ya buluu, nimelifunga kwa kamba na kuandika jina lako pande zote mbili. Kisumu watalihamishia gari la Busia, kwa hivyo mngoje makanga hapo steji ya Maseno kuanzia saa saba, na usikubali kulipa tena. Nimelipa hadi mwisho. Ni marinda 14 na mashati 14 kama ulivyosema, na shati moja la ziada, kwa sababu kitambaa kilibaki na najua kati yenu kuna atakayejimwagia chai dakika tano kabla ya kupanda jukwaani.

Uliponipigia simu kwamba kikundi chenu kinaandaa Sarafina!, ile tamthilia ya nyimbo kuhusu msichana Sarafina na wanafunzi wenzake wa Afrika Kusini waliopinga ubaguzi wa rangi, uliniuliza mbona nimenyamaza. Nilikuwa nimeshika mkasi katikati ya suruali ya mtu. Ile tamthilia nimeipenda miaka 30 na ushei, na hata siku moja sijaiona ikichezwa jukwaani. Nilichoona ni filamu, nilichosikia ni kanda. Sasa inakuja kuchezwa na mtoto wangu, tena kwa nguo nilizokata mimi hapa kibandani. Ningesema nini?

Mwaka 1994 nilikuwa Kidato cha Tatu. Jumamosi moja televisheni ya shule ilibebwa hadi bwaloni, ikawekwa juu ya meza mbili zilizopandanishwa, na mwalimu wa Historia akatia kanda ya video ya filamu ya Sarafina!. Tulikaa chini wasichana karibu 300, sakafu bado mbichi kwa maji ya deki. Mandela alikuwa ameapishwa kuwa rais Mei mwaka huohuo, kwa hivyo tulianza kutazama kama watu wanaotazama mechi ambayo matokeo yake wameshayasikia redioni. Kisha wale wanafunzi wakaanza kuimba Baba Yetu. Sala hiyo naijua tangu Sande skuli, ila sikujua kwamba inaweza kuimbwa kwa miguu. Risasi zilipoanza, aliyekaa mbele yangu alijifunika kichwa kwa sweta na hakuifunua mpaka mwisho.

Mwezi uliofuata tukagoma. Githeri ilikuwa na wadudu na tulikuwa tumelalamika mara tatu. Mwalimu mkuu akatuambia kwenye paredi kwamba tumeharibiwa na video. Kanda ikafungiwa ofisini, na nyimbo zake zikapigwa marufuku shule nzima, hata kuzivumisha ukifua. Jambo hilo linanikera mpaka leo. Wadudu walikuwamo kwenye maharagwe kabla hatujamsikia Sarafina.

Basi tukahamia nyuma ya bweni, mmoja analinda njia, wengine tunaimba chini kwa chini na kucheza ule mchezo wa kurusha magoti na kuinua ngumi. Jioni moja nikainua mkono wa kulia, rinda likaniachia kutoka kwapani hadi kiunoni. Aliyelishona alikuwa amebania kitambaa. Usiku nikaliziba kwa uzi mweupe kwenye nguo ya buluu, maana uzi mwingine sikuwa nao, na matroni akauona mshono ule asubuhi kabla sijamaliza uji. Nilikata nyasi wiki nzima.

Sasa chukua shati lolote kati ya hayo 15, uligeuze, uangalie kwapani. Utaona kipande kidogo cha pembe nne nilichokitia pale mkono unapokutana na ubavu. Ukishusha mkono hakionekani. Ukiinua ngumi, kinafunguka, na shati halitoki kwenye rinda. Mikunjo ya mbele nayo nimeiongeza kina ili goti lipande. Nimeijaribu mwenyewe, mlango wa kibanda ukiwa umefungwa, na magoti yangu haya.

Kanda ya muziki niliinunua baada ya shule, hapa mjini, nakala ya nakala, jalada lake fotokopi. Redio ikaimeza. Nikaitoa polepole kwa sindano, ikapona, lakini tangu siku hiyo wimbo wa mwisho ukifika mahali fulani ulikuwa unazama, sauti za wasichana zinakuwa za wazee, halafu zinaibuka tena. Nilivyousikia ndivyo nilivyouimba nikikuogesha. Ulipokuwa darasa la tano uliusikia kwenye simu ya mjomba wako, ukaja mbio jikoni: "Mama, hawa wanakosea, hawapunguzi pale!"

Huo wimbo wa mwisho, ule wa uhuru unaokuja kesho, ndio hasa ulionifanya nichukue kalamu badala ya kukutumia ujumbe wa sauti. Wengi wenu mnaijua filamu ya 1992, yenye Whoopi Goldberg akiwa mwalimu. Ya jukwaani iliitangulia kwa miaka 5. Mbongeni Ngema aliifungua mwaka 1987 pale Market Theatre, Johannesburg. Leleti Khumalo, msichana wa KwaMashu, Durban, aliyeshika nafasi ya Sarafina, alikuwa na miaka 17, mdogo kuliko wewe. Hugh Masekela, aliyetunga muziki pamoja na Ngema, hakuweza hata kukanyaga kwao. Alikuwa nje ya nchi tangu 1960. Mwaka 1988 wakaingia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, wakacheza karibu mara 600. (Ngema alipofariki kwa ajali ya barabarani Desemba 2023, nilizima cherehani nikakaa tu. Mteja akadhani stima imepotea.)

Sasa angalia mwisho wake. Wanafunzi wa Morris Isaacson, shule ya Soweto ambayo watoto wake walikuwa mbele kwenye maandamano ya 16 Juni 1976 ya kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, wanaandaa tamasha lao, na Sarafina anaigiza Mandela aliyefunguliwa. Mwaka 1987, mwanangu! Mandela alitoka gerezani Februari 1990. Nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari, na vijana wale wanasherehekea kila usiku jambo ambalo hakuna aliyejua kama litatokea. Sisi pale bwaloni tulijua. Ndiyo maana tuliuimba kwa kelele, tukadhani ni wimbo wa harusi.

Nimezitazama video za mazoezi ulizonitumia, zote nne, ile ya tatu mara nyingi. Mnaimba vizuri na sauti za chini zimekaa. Lakini mnaiimba hiyo kesho kama watu walioshaiona. Mnatabasamu mapema mno, hasa yule mrefu wa kushoto. Mistari ya mwanzo iimbeni kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama ina watu. Furaha ije baadaye, kwa miguu. Mwambie anayewaongoza kwamba ni fundi wa nguo tu amesema, akikataa basi.

Rinda lako wewe lina uzi mwekundu ndani ya pindo, usije ukalikosa. Usilipige pasi ya moto sana, gabadini hii inang'aa vibaya. Bei ya kitambaa iko kwenye risiti ndani ya mfuko wa shati la ziada, na kazi ya mikono siwadai.

Siku yenyewe nitapanda gari la kwanza kupitia Kericho, na wewe uliyebeba jina la mama yangu nitafutie kiti cha pembeni, karibu na mlango. Ule wimbo ukianza nitaimba, siwezi kukudanganya. Na pale ambapo redio iliumeza, mimi nitachelewa. Usicheke ukiwa jukwaani.

Mama yako,
Nakuru