Kwa nini hatumuuzii mtoto gemu ya miaka 18

Likizo ikianza, duka letu hapa Lubumbashi hujaa vijana wanaotafuta gemu za PlayStation, na hapakosi mtoto anayerudi nyumbani na hela zake kwa sababu tumekataa kumuuzia. Wazazi wengine hutushukuru. Wengine hutupigia simu kwa hasira: hela nimempa mimi mwenyewe, ninyi mnamkatalia kama nani? Wana haki ya kuuliza, kwa hiyo tunawajibu.

Papa, Mama, shika kasha la gemu lililotoka Ubelgiji au Ufaransa. Upande wa mbele, chini, kuna namba ndani ya mraba: 3 na 7 kwa rangi ya kijani, 12 na 16 kwa rangi ya chungwa, 18 kwa nyekundu. Hiyo ni alama ya PEGI, mfumo wa kuonyesha umri unaofaa kwa gemu, ulioanza kutumika Ulaya mwaka 2003. Ligeuze kasha uone vipicha vidogo: ngumi ni ukatili, buibui ni vitisho. Wazazi wengi hudhani namba ile inapima ugumu wa mchezo. Hapana. FIFA ina 3, na watu wazima wanatoka jasho kuicheza. Grand Theft Auto V ina 18, na mtoto wa miaka tisa anaimudu vizuri kabisa. Namba inahusu yale atakayoyaona, kuyasikia na kuyatenda. Ndani ya gemu hiyo kuna mahali ambapo mchezaji anamtesa mtu aliyefungwa kwenye kiti. Anachagua chombo cha kumtesea, kisha anabonyeza maneti kwa vidole vyake ili kazi iendelee. Hatuoni sababu ya kumkabidhi mtoto wa shule ya msingi kitu hicho.

Mizigo inayopita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini mara nyingi ina alama za huko, umri pamoja na herufi V kwa ukatili. Za Marekani hutumia herufi, na M maana yake ni miaka 17 kwenda juu.

Shida ni kwamba gemu nyingi hapa mjini hazina kasha. CD imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, au mteja analeta diski ngumu, analipa mara moja, anajaziwa gemu ishirini au thelathini kutoka kwenye orodha. Alama yote imebaki njiani. Mzazi hana pa kusoma, na mtoto anachagua jina alilolisikia kwa wenzake.

Kuna kijana aliyetuambia kwamba hata Wamarekani wenyewe walikataa sheria ya kuzuia watoto wasiuziwe gemu hizi, kwa hiyo nasi hatuna haki ya kumkatalia. Amesoma, na sehemu ya kwanza ni kweli. California ilipitisha sheria mwaka 2005 ya kumtoza faini hadi dola 1,000 anayemuuzia mtoto gemu za ukatili mkali, na tarehe 27 Juni 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta, majaji saba kwa wawili. Walisema gemu inalindwa na katiba sawa na kitabu, na kwamba ushahidi ulioletwa haukuonyesha kuwa gemu ndizo zinazowafanya watoto wawe wakali. Lakini mahakama iliizuia serikali kuadhibu. Haikumwamuru mwenye duka auze. Mwaka huohuo serikali yao ilitangaza matokeo ya kutuma watoto madukani kujaribu kununua gemu za M, na waliofanikiwa walikuwa 13 tu kati ya 100. Maduka yenyewe yalikuwa yakikataa. Uingereza walishika njia nyingine: tangu Julai 2012, kumuuzia mtoto gemu ya 18 ni kosa la jinai.

Kwetu Kongo, sheria Na. 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Sisi tumeshika hapo. Tungependa sheria ya kuwabana wauzaji wote wa gemu, maana tukikataa sisi, mtoto anavuka barabara na kununua kwingine. Ila iwe sheria ambayo muuzaji ameisoma kabla mkaguzi hajafika mlangoni, faini yake imeandikwa wazi na risiti inatolewa. Isiwe njia mpya ya kuwahangaisha wafanyabiashara wadogo.

Kwa sasa tuna orodha mbili, ya watoto na ya wakubwa, na kila CD isiyo na kasha tunaiandikia umri wake kwa kalamu. Mtoto akisema yaya wake, yaani kaka au dada yake mkubwa, ndiye aliyemtuma, tunamwomba huyo yaya aje mwenyewe, au mzazi atupigie. Na ukija na PS4 yako, tunakuwekea bure kizuizi cha umri. Namba ya siri inayotoka nayo kiwandani ni 0000, na watoto wanaijua, kwa hiyo utaibadilisha mwenyewe, sisi tukigeukia pembeni. Diski iliyojazwa mahali pengine nayo uilete: tutaipitia pamoja nawe gemu moja moja, na usiyoitaka tutaifuta papo hapo.